Dirisha Lililotazama Mlango wa Asukile

Asukile hakuwa mtu mbaya. Muulize yeyote aliyeishi naye kwenye vilima vile vya Rungwe, atakuambia kwamba alikuwa mkarimu, msema kweli, na hakuwahi kugusa hata kidole cha ndizi cha jirani. Alikuwa na wivu tu. Na wivu wenyewe haukuwa ule wa kulala nao na kuamka umeisha. Alikaa nao, akaupikia, akaulisha mpaka ukanenepa.

Lakini tusimwonee. Kwa miaka thelathini hakuwa na mtu wa kumwonea wivu. Yeye ndiye aliyekuwa akionewa wivu.

Alipokuwa na miaka kumi hivi alihama kwa baba yake, yeye na wenzake wa rika moja, kama walivyohama wavulana wote siku zile. Walivuka kijito, wakajenga vibanda vyao, wakawa wanarudi mchana tu kula kwa mama zao. Kibanda chake kilikuwa cha kwanza kutovuja. Wenzake wakaanza kumwita awasaidie, na walipokua na kuoa, vibanda vikageuka nyumba na kile kijiji cha watoto kikawa kijiji cha wanaume wenye ng'ombe. Kila nyumba ilipita mikononi mwa Asukile. Aliijua mianzi kama mtu anavyowajua ndugu zake: upi umekomaa, upi utaliwa na wadudu, upi unajifanya mgumu na ndani ni mlaini. Kuta zake ziliinama kidogo kwa nje, kama kikapu. Matope aliyapandisha mpaka kifuani, na juu ya hapo aliacha mianzi wazi yenye nafasi ya vidole vitatu, ili moshi utoke na mwanga uingie. Watu walitoka mpaka Mwakaleli kuja kumchukua.

Huko kuhama kwa wavulana kulikuwa na sababu. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto na baba wa mumewe hawaonani. Hawali pamoja, hawasalimiani, mwanamke hataji jina la mkwewe wala hakanyagi kizingiti chake. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anainama kwenye majani na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Ni heshima, wala si chuki. Na heshima ya namna hiyo ni rahisi mkiishi ng'ambo mbalimbali za kijito.

Kisha ikaja kahawa, na mti wa kahawa hauhami. Jailos, mtoto wa pekee wa Asukile, hakwenda kujenga na rika lake, kwa kuwa rika lake lote lilikuwa limebaki kuchunga miche ya baba zao. Alipotaka kuoa, ilibidi nyumba ya bibi harusi ijengwe palepale, nyuma ya migomba, mwendo wa hatua mia tu kutoka mlango wa mzee. Asukile aliijenga mwenyewe. Hakuwahi kujenga nyumba nzuri kuliko ile. Mwaka huohuo mkewe akafariki, akabaki peke yake na kigoda chake, na dada yake mkubwa, Ikupa, ambaye naye alikuwa mjane na aliishi jirani.

Bibi harusi aliitwa Tekla. Kwa miaka mitatu Asukile hakuuona uso wake. Alijua kikohozi chake, alijua rangi ya kanga yake ikipotea kati ya migomba, alijua jinsi alivyotua mzigo wa kuni haraka na kuchuchumaa akimsikia mzee anakuja. Mchungaji alikuwa amesema kanisani kwamba Wakristo waache kuogopana namna hiyo, wasalimiane kama baba na binti. Wengine walijaribu. Asukile alibatizwa na aliimba sauti ya chini kila Jumapili, lakini kwa hilo alitia pamba masikioni. Kuogopwa na Tekla kulimpendeza. Alipomwona anainama majanini, alipita akitembea polepole kidogo.

Na chakula kilikuja. Kila jioni akirudi shambani, akitundika panga ukutani na kukaa kunawa miguu, Ikupa alitokea na kapu kutoka kwa Tekla: mbalaga, zile ndizi zinazopikwa na maharage, au ndizi na maziwa mgando, chungu bado kinafuka. Hakuwahi kusubiri. Hakujiuliza pia. Mtu anayeletewa chakula cha moto kila siku hufikiri chakula ndivyo kilivyo.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwaka wa hamsini na sita, Jailos alipokuja kukaa chini mbele ya baba yake na kuanza kuzungusha maneno.

"Tata, kahawa imetusaidia."

"Nimeona."

"Nataka kujenga nyumba ya kudumu. Ya matofali. Na bati."

Asukile akaangalia kilima. "Ile niliyokujengea inavuja?"

"Haivuji, Tata."

"Imeinama?"

"Haijainama. Ila wenzangu wote..."

"Jenga," mzee akakata. "Jenga, mwanangu, una haki. Fundi ni nani?"

Hapo ndipo kisu kilipoingia, kwa sababu kwa sekunde moja alidhani ataambiwa kwamba fundi ni yeye. Hakuwahi kushika mwiko maishani, lakini alidhani hivyo.

Fundi alikuwa Liberatus, Mhehe kutoka upande wa Iringa, kijana wa miaka thelathini aliyefundishwa uashi na mapadri. Alifika na sanduku la mbao lenye mwiko, pima maji na timazi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na aliwasalimia watu wote "Kamwene" kwa lugha ya kwao, mpaka wanawake wa kijiji wakaanza kumwitikia hivyohivyo. Akachimba udongo, akafyatua matofali, akapanga tanuru kubwa kama ghala, akalichoma. Kijiji kizima kilikwenda kutazama lile tanuru. Ezekia, ambaye Asukile alimjengea nyumba mara mbili na walitahiniwa ubatizo siku moja, alibeba kigoda chake kabisa akaenda kukaa mbele ya tanuru kutwa nzima.

"Umemwona yule bwana akitupa ile kamba yenye risasi?" Ezekia alimuuliza. "Ukuta wote unanyooka kama mstari!"

"Ukuta ulionyooka hauna adabu," Asukile akajibu, na hata yeye hakujua alikuwa na maana gani.

Roho ilimuuma. Tuseme wazi. Alikuwa akipita juu ya kilima, mahali ambapo hangekutana na Tekla, akitazama kuta zikipanda, akiomba moyoni ziote ufa. Hazikuota. Alimwonea Liberatus gere kwa mwiko wake, kwa sauti yake, hata kwa ile kofia ya turubai.

Hayo angeyameza. Kilichomshinda ni kicheko.

Siku hiyo alikuwa anapalilia migomba yake ya mpakani, mchana, na upande wa pili mafundi walikuwa wanakula. Aliisikia sauti ya Liberatus ikiuliza kitu. Kisha akasikia sauti ya mwanamke ikijibu maneno mawili, halafu ikacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyeridhika. Asukile alisimama na jembe mkononi. Miaka mitatu, na hakuwahi kusikia Tekla akicheka. Na huyu mtu wa kuja, ambaye hata babu zake hawajulikani, amekaa jikoni kwa Jailos, amenyooshewa sahani na mkono uleule, anaangaliwa usoni, anachekewa.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Harufu ya nyama ikivuka migomba, alijua minofu imekwenda kwa Liberatus. Ikupa akileta chungu, alichungulia ndani kabla ya kushukuru.

"Unatafuta nini humo?" Ikupa akamuuliza.

"Kilichobaki."

"Kilichobaki wapi?"

"Kwa wageni," akasema, akaanza kula kwa hasira. Chakula kilikuwa cha moto mpaka kikamuunguza ulimi, na hata hilo alimhesabia Liberatus.

Wiki iliyofuata ukuta wa upande wa Asukile ulifika usawa wa macho, na katikati ya ukuta fundi akaacha nafasi. Dirisha. Si upande wa barabara, ambako kila mwenye nyumba ya matofali aliweka dirisha ili wapita njia waone kioo. Lilitazama chini ya migomba, moja kwa moja, kwenye mlango wa Asukile.

Kwa mara ya kwanza tangu tanuru liwashwe, mzee alifurahi. Sasa alikuwa na kosa mkononi! Dirisha la mkwe kutazama mlango wa mkwewe! Hata mtoto angejua ni aibu. Hakuweza kwenda nyumbani kwa Jailos kwa sababu Tekla alikuwapo, kwa hiyo alimvizia fundi kwenye kijito alikokuja kuchota maji ya kukandia udongo.

"Kamwene, baba," Liberatus akasema.

"Achana na kamwene. Lile shimo uliloacha ni la nini?"

"Dirisha, mzee."

"Naona ni dirisha. Kwenu Iringa mnaweka dirisha la mkwe mbele ya uso wa baba?"

Liberatus akatua ndoo. Alionekana kutaka kusema jambo, akalirudisha. "Baba, mimi sikulichagua. Nimeambiwa liwe pale, nami nikaliweka."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wenye nyumba."

"Mwongo. Mwanangu amelelewa."

"Basi kamuulize mwanao," akasema fundi, kwa upole, na upole huo ulimkera kuliko tusi.

Hakumuuliza. Alimwita Jailos na kumwamuru. Dirisha lizibwe kabla ya bati kupanda, au yeye Asukile atachukua kigoda chake ahamie kwa jamaa zake Mwakaleli, na Jailos awaambie watu kwamba baba yake amefukuzwa na fundi wa Iringa. Jailos alifungua mdomo mara mbili.

"Tata, ngoja nikueleze. Tekla..."

"Usinitajie mkeo mbele yangu! Heshima yote mmeichoma kwenye lile tanuru?"

Jailos akainuka, akaenda zake. Kesho yake Liberatus aliziba nafasi kwa matofali kumi na nane. Asukile aliyahesabu kutoka kilimani, moja moja, na alishuka akiimba.

Bati zilifika kwa lori kutoka Mbeya, lori lililokata kona Uyole na kuteremka mpaka Tukuyu likiwa limejaa hadi mlangoni. Nyumba ikaezekwa. Ile ya mianzi ikabomolewa, mianzi yake ikawa kuni. Mchungaji akaja kuibariki nyumba mpya, watu wakaimba, na Asukile alisimama mbali chini ya mti wa kahawa kama ilivyompasa. Watu walimpongeza kwa mtoto wake. Akapokea pongezi kama mtu anayepokea shubiri kwenye kijiko.

Na hapo chakula kikaanza kupoa.

Siku ya kwanza alisema ni shughuli za kuhamia. Siku ya pili alikaa kwenye kigoda, miguu imeoshwa na kukauka, jua likaenda, na Ikupa alipokuja mbalaga zilikuwa zimeganda. Siku ya tatu chakula kilitangulia. Alirudi akakuta chungu kimewekwa mlangoni na siafu wamekizunguka. Wiki mbili zikapita hivyo. Mara mapema, mara kimechelewa, kamwe si cha moto.

Asukile akapata maelezo upesi, maana wivu haukosi maelezo. Tekla amepata bati, amepata sakafu ya saruji, mzee wa mianzi wa nini tena? Na Liberatus alikuwa hajaondoka. Ezekia, yule Ezekia, alikuwa amemwajiri amjengee naye, na bado fundi huyo alikula mchana kwa Jailos. Yeye analishwa cha moto, baba wa mwenye nyumba analishwa cha baridi na siafu juu.

Alimlipukia Ikupa.

"Mwambie huyo mwanamke asijisumbue! Nitapika mwenyewe. Kama matofali yamemlevya, mwambie baba wa mumewe hajafa!"

Ikupa alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa kuwa ni mkubwa kwake hakuona haja ya kupunguza makali. Alikaa chini akanyoosha miguu.

"Asukile, unadhani mimi ndiye niliyekuwa najua saa unayorudi?"

"Ni nani mwingine? Unakuja na chungu nikikaa tu."

"Mimi nina macho ya kuona hata mguu wangu? Ni Tekla. Miaka mitatu alikuwa anachungulia kwenye mianzi yako. Zile nafasi zako za vidole vitatu. Anakaa ndani anapika, anatazama mlango wako. Akiona umetundika panga, anaepua. Ukichelewa, anarudisha chungu motoni. Ukikohoa, anaweka tangawizi. Siku ile ulipoumia mguu ukawa unachechemea, nani alinituma na majani ya kukanda kabla hujasema?"

Asukile akautazama mguu ule.

"Matofali hayana nafasi," Ikupa akaendelea. "Alijua atashindwa kukuona. Kwa hiyo alimwomba mumewe dirisha moja tu, dogo. Jailos akataka kuliweka barabarani kama watu. Yeye akakataa. Fundi mwenyewe alishangaa, akamuuliza wakiwa wanakula, kwa nini dirisha litazame mlango wa mzee lisitazame barabara? Tekla akamjibu, barabara haili. Wakacheka wote. Na mimi nilikuwapo, nikacheka."

Kulikuwa na jambo katika maneno hayo lililomrudisha Asukile mpakani mwa migomba, jembe mkononi. Maneno mawili, kisha kicheko. Barabara haili. Alikuwa amekibeba kicheko hicho wiki nyingi kama mwiba mguuni, na kumbe kilikuwa chake.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Jailos alijaribu, ukamfokea. Fundi angekuambiaje siri ya mkweo? Na Tekla angekuambia kwa mdomo upi? Wewe ndiye uliyeziba macho yake. Sasa unalalamika hakuoni."

Alikaa siku mbili na aibu hiyo. Siku ya tatu akaondoka kwenda kwa Ezekia. Liberatus alikuwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi, na Ezekia kwenye kigoda chake akishangaa. Asukile angependa Ezekia awe mahali pengine popote duniani.

"Fundi," akasema.

"Naam, baba."

"Lile dirisha." Akakwepa macho ya Ezekia. "Nataka ulifungue."

Ezekia akageuza shingo. Liberatus akashuka, akajifuta mikono, akamtazama mzee. Angeweza kumcheka, na Asukile alikuwa amejiandaa kuchekwa.

"Matofali yameshashika," akasema. "Nitayagonga taratibu. Lakini sina mbao ya fremu wala kioo, vyote mpaka Mbeya."

"Kioo usiweke. Nitaleta kitu."

Alikata mianzi mwenyewe, ile iliyokomaa, akaipasua, akaikwangua mpaka ikalainika, akasuka kizuizi cha dirisha kama alivyozoea kumalizia kuta zake, na kila alipofunga kamba alipima kwa vidole vitatu. Siku ya kazi Tekla alikwenda kwa mama yake ili mzee aweze kusogea. Liberatus aligonga tofali la kwanza mpaka la kumi na nane, Asukile akapokea kila moja na kuliweka chini. Hawakuongea sana. Fundi aliposhika kile kizuizi cha mianzi na kukitia ndani ya nafasi, kilikaa sawasawa, bila kuchongwa popote. Akaweka pima maji juu yake, akatikisa kichwa.

"Hiki chako hakihitaji pima, baba," akasema.

Wivu haukumtoka hapohapo, tusidanganyane. Maisha yake yote ule mwiko ungeendelea kumkera, na alipoona Liberatus anaingia ndani kunywa maji, akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu katika nyumba ambayo yeye hataingia mpaka afe, kitu kilimchoma palepale pa zamani. Alichukua panga lake akaenda zake.

Kesho yake alirudi shambani jua likielekea kilimani. Akatundika panga ukutani. Akachukua kigoda, akaanza kukiweka pale alipokiweka siku zote, akasita. Akakigeuza. Akakaa akiipa nyumba ya matofali mgongo, uso kwenye kahawa, ili anayemtazama amtazame bila hofu ya kutazamwa. Hakuwa amemaliza kunawa mguu wa pili Ikupa alipotokea kwenye migomba na kapu, na chungu kilikuwa kinafuka.

Alikula polepole, chote. Aliikwangua sahani kwa kidole. Hakuruhusiwa kumshukuru, hakuruhusiwa kugeuka, hakuruhusiwa kulitaja hata jina lake. Akaishika ile sahani tupu kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa chake, na kuiacha hapo mpaka mikono ikachoka.